Nyumba Ndogo ya Mzee Dionisi

Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Tosha. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, wachora ramani waliikosea adabu wakaisahau. Na ukisikiliza ukaona kama unaifahamu, ukahisi hata mtaa wenu umo, hayo ni yako na macho yako, mimi simo. Kazi yangu ni kusimulia habari ya Bi Skolastika na nyumba yake, na nitaisimulia nimekunja pua, maana habari hii inanuka.

Bi Skolastika, ambaye majirani walimwita Bi Skola, na mumewe Mzee Dionisi walikuwa na nyumba mbili. Moja ilikuwa mjini, vyumba viwili na ua, ambamo Mzee Dionisi alishona suti za watu mpaka mgongo wake ukapinda kama sindano ya magunia. Ya pili ilikuwa juu milimani, kijiji cha Luwiko. Hiyo waliijenga wenyewe ujanani. Mzee alikanyaga udongo, Bi Skola alibeba kichwani maji ya kufyatulia matofali, majirani wakaja kwa ujima, wakala kande, wakanywa pombe ya ulezi, wakaimba, kuta zikapanda. Huko ndiko walikopanga kuzeekea, na huko ndiko Mzee Dionisi alikotaka kuzikwa, chini ya migomba yake mwenyewe.

Halafu mzee akaota uvimbe tumboni.

"Bado haujasambaa," daktari wa Hospitali Kuu alimwambia Bi Skola. "Tukiukata sasa, mzee atarudi kwenye cherehani yake. Tukingoja, mama, sitaki kukudanganya."

Matibabu nchini Tosha ni bure, jambo hilo limo hata kwenye wimbo wa taifa. Kinacholipiwa ni kisu, uzi, taa ya chumba cha upasuaji na mtu wa kushika kisu. Bi Skola akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Uza ile ya Luwiko," mumewe akasema.

"Na tutazeekea wapi, Baba Getu?" Getu alikuwa Getruda, binti yao wa pekee, aliyeolewa mbali ng'ambo ya mpaka.

"Mama Getu, ili mtu azeeke, sharti kwanza awe hai."

Basi akaiuza. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, mtu mwungwana, hakuvutavuta maneno. Wakapatana bei iliyotosha kisu, uzi, taa na mtu, na chenji ya kununulia supu ya kumrudishia mzee nguvu. Bi Skola alishukuru Mungu njia nzima. Masikini, hakujua kwamba wiki hiyohiyo Serikali nayo ilikuwa inashukuru Mungu, kwa sababu ilikuwa imetunga sheria.

*

Sheria hiyo haikutungwa Tosha. Huko hakutungwi kitu isipokuwa uongo. Ililetwa na wakopeshaji kutoka nje, ikiwa kwa lugha yao, na ilisema jambo la kawaida tu: mtu akiuza nyumba yake ya pili, ile asiyokaa, alipe kodi kwenye faida aliyopata. Nyumba anayokaa isamehewe. Kazi ya kuitafsiri akapewa shemeji wa Waziri, kijana aliyepata cheo kwa sababu ana mwandiko mzuri. Kijana alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Alipofika penye "nyumba anayokaa" akaandika "nyumba kubwa." Alipofika penye "nyumba ya pili" akafikiri kidogo, akatabasamu, akaandika "nyumba ndogo."

Ikasomwa redioni saa ya taarifa ya habari: "Kuanzia leo, kila mwenye nyumba ndogo ataitangaza kwenye Mamlaka ya Ukung'utaji iliyo karibu naye. Nyumba kubwa zimesamehewa."

Sasa mimi na wewe tunajua nyumba ndogo ni nini. Ni yule mama anayetunzwa pembeni, anayepelekewa nyama nzuri wakati watoto nyumbani wanakula mchicha. Hata mtoto wa chekechea anajua, ila anajifanya hajui, kama anavyojifanya mama yake. Jioni hiyo, baa zote za Tosha zilinyamaza. Wanaume waliweka glasi chini. Waliokuwa kwenye nyumba ndogo zao walitoka kwa mlango wa nyuma, na waliokuwa kwenye nyumba kubwa walianza kusifia mchuzi ambao hawakuwahi kuusifia tangu waoe.

Bi Skola yeye hakuwa na habari hizo. Hospitalini hakuna redio. Alichosikia kwa nesi ni kwamba ukiuza nyumba ya pili, ambayo Serikali inaiita nyumba ndogo, lazima uitangaze, na kwamba pesa yote ya mnunuzi inapitia Mamlaka kwanza ikakung'utwe. Akajifunga kanga, akaenda.

Alikuta foleni ya wanaume watupu, kofia zimeshushwa mpaka puani, hakuna anayemtazama mwenzake. Karani akamwona.

"Shikamoo mama. Umekuja kumshitaki baba?"

"Nimshitaki kwa kosa gani? Nimekuja kuitangaza nyumba ndogo ya mume wangu."

Foleni nzima ikageuka.

"Ehe," karani akasema. "Ina umri gani?"

"Miaka ishirini na saba."

Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi.

"Na wewe, mama, unaifahamu?"

"Nisiifahamu vipi, mwanangu! Nimeisiliba kwa mikono yangu hii. Baba yako alishika juu, mimi nikashika chini."

"Na... majirani wanajua?"

"Majirani ndio waliosaidia! Walikuja kijiji kizima, tukawapikia kande."

Wanaume wale wakavua kofia mmoja mmoja, kwa heshima. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, machozi yalimlengalenga. "Kumbe wapo wake wa namna hii duniani," akanong'ona. Karani akagonga muhuri, akamwambia Bi Skola kwamba mkaguzi atamfuata, na kwamba pesa yake itatoka baada ya ukaguzi.

"Baada ya siku ngapi? Mgonjwa hana siku."

"Mama, Mamlaka haihesabu siku. Inahesabu pesa."

*

Bungeni nako moto uliwaka. Bi Skola aliyasikia yote wodini, kwa simu ya jamaa wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, huku akimlisha mumewe uji kijiko kwa kijiko.

Waziri wa Hazina na Kuridhika, Mheshimiwa Lazaro Shibe, alisimama. Shibe ni mtu ambaye kola ya shati lake hujificha kwenye shingo na haionekani tena mpaka jioni. "Mheshimiwa Spika," alinguruma, "Serikali hii sikivu haina ugomvi wowote na nyumba kubwa!"

"Taarifa, Mheshimiwa Spika!" mbunge mmoja akadakia. "Waziri atufafanulie. Hiyo nyumba ndogo anayoisema ni ya matofali au ya nyama?"

Bunge likaangua kicheko, halafu kicheko kikakatika ghafla, maana kila mheshimiwa alikumbuka kwamba mkewe anasikiliza.

Shibe hakukubali kwamba neno limekosewa. Nchini Tosha Serikali haikosei, na ikikosea, wananchi ndio hurekebishwa wafanane na kosa. Akasema sheria inahusu nyumba za matofali, na kwamba wenye mawazo mengine wakaungame. Hapo akatoa Kanuni ya Kulala. "Nyumba kubwa ni ile anayolala mwenyewe! Zote zilizobaki ni ndogo. Na ili kuzuia udanganyifu, mkaguzi ataingia ndani kwa miguu yake, atajilaza mahali pa kulala, na atajiridhisha. Asipoingia na kujilaza, ukaguzi huo ni batili!"

Wakapiga meza. Waliendelea kupiga meza mpaka mke wa Shibe alipopiga simu redioni, akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Mimi ndiye nyumba kubwa ya Waziri, na hapa kwangu hajalala mtu tangu Pasaka."

Kesho yake asubuhi na mapema, marekebisho yakapita bila kupingwa. Kiongozi, yalisema, ni mtu wa watu wote, hivyo hata akilala mahali pamoja, moyo wake umelala kila mahali. Kwa hiyo nyumba zote za kiongozi ni kubwa, na hakuna hata moja inayolipa kodi. Mwananchi wa kawaida hana moyo wa ukubwa huo. Yeye atahesabiwa pale mwili wake unapolala.

"Wamejisamehe," Bi Skola alisema, kijiko hewani.

"Ungetegemea nini, mama?" Mzee Dionisi akacheka, akashika tumbo. "Fisi akipewa bucha, atajiandikia nyama mkopo?"

Hakucheka tena baada ya hapo, kwa maana kucheka kulianza kumuuma.

*

Mkaguzi aliitwa Bwana Fulgensi. Kijana nadhifu, tai imenyooka, adabu tele. Mimi watu wa namna hii ndio wananitia kichefuchefu kuliko wezi. Mwizi akija huvunja mlango, ukamjua. Huyu hubisha hodi, akakuamkia, akakuuliza habari za mgonjwa, halafu akakunyonga huku anakuita mama.

Alianzia nyumba ya mjini. Akakuta mafiga yamepoa, buibui amefunga utando mlangoni, kitanda kimetandikwa. Akajilaza, akajigeuza upande huu na huu. "Kitanda hiki ni kigeni kwa binadamu," akasema. Akauliza majirani Bi Skola analala wapi. Wakamwambia, kwa nia njema, Mungu awasamehe: "Yuko hospitali na mumewe. Huko ndiko anakolala tangu mzee aumwe."

Akaenda. Akaingia wodi ya wanaume, akaamkia kila kitanda. Chini ya kitanda cha Mzee Dionisi ulikuwepo mkeka, kanga iliyokunjwa kuwa mto, na chupa ya chai. Huko ndiko Bi Skola alikolala, kama wanavyolala wake na mama wote wa wagonjwa wa nchi ile.

Bwana Fulgensi akavua viatu, akainama, akajisukuma chini ya kitanda.

"Kijana," Mzee Dionisi akamwambia kutoka juu, sauti imekuwa nyembamba, "huo mkeka una kunguni."

"Kunguni si hoja ya kikodi, mzee wangu." Akapapasa. "Mkeka umeshika umbo la mama. Bega hili hapa, nyonga hii hapa." Akatoka anajipangusa, uso umejaa furaha. "Hongera, mama. Makazi yako makubwa ni hapa, chini ya kitanda. Hapa umesamehewa kabisa, hutalipa hata senti."

"Asante," Bi Skola akasema, kwa kuwa alifundishwa kushukuru. "Kwa hiyo pesa yetu inatoka?"

"Kwa hiyo una nyumba ndogo mbili. Ya Luwiko na ya mjini."

"Ya mjini sijaiuza!"

"Ndiyo, lakini imepanda bei ikiwa imekaa kimya. Kupata faida kimyakimya, mama, Serikali inaona ni dharau." Akafungua mkoba. "Sasa tuangalie faida. Ya Luwiko mlijenga kwa gharama gani? Naomba risiti."

"Risiti ya nini? Ya udongo?"

"Ya udongo, ya maji, ya kichwa kilichobeba maji."

"Tulijenga kwa ujima."

"Ujima mmoja ni shilingi ngapi?"

Bi Skola akamtazama mumewe, mumewe akamtazama Bi Skola. Katika maisha yao yote hawakuwahi kuulizwa swali la kijinga kiasi hicho na mtu aliyesoma kiasi hicho.

"Ni kande," akasema. "Kande na pombe ya ulezi, na kesho yake unakwenda wewe kwa mwenzako."

"Basi hamkutoa kitu, mkapata nyumba. Bei yote mliyouzia ni faida tupu."

"Faida!" Mzee Dionisi akajiinua kwa viwiko, mishipa imemsimama shingoni. "Niliifaidi lini, mwanangu? Angalia. Kitu pekee kinachopanda hapa ni huu uvimbe. Nao mtautoza?"

Bwana Fulgensi alifikiri kwa makini. "Hilo nitawauliza makao makuu," akasema.

Bi Skola akamfuata mpaka koridoni, akamshika mkono wa shati. Alilia bila kuficha, mwanamke aliyezoea kulilia jikoni kwenye moshi ili asionekane. "Mwanangu, kwa tumbo la mama yako mzazi nakuomba. Toeni pesa akatwe kwanza. Akipona, chukueni nyumba, chukueni cherehani, chukueni na mkeka. Kesho si ipo?"

"Naumia pamoja nawe, mama," Bwana Fulgensi akasema, na jambo la kutapisha ni kwamba aliumia kweli, uso ulimwiva. "Lakini Serikali haikopeshi." Akamwamkia tena, akaondoka.

Pesa ya Luwiko ikakung'utwa. Kodi ya nyumba ya kwanza ndogo ikameza sehemu, kodi ya nyumba ya pili ndogo ikameza sehemu, na makombo yakashikiliwa kama dhamana ya uaminifu wa Bi Skola. Ptuu! Nisamehe, imenitoka.

Daktari aliandika barua, hakujibiwa. Akaandika nyingine. Kisha akaanza kupita kwenye kitanda kile akiangalia dirishani.

Mzee Dionisi alikufa Jumanne asubuhi, saa ya uji. "Skola," alisema, na si "Mama Getu," akamwita kama alivyomwita alipokuwa anamposa. Halafu hakusema kitu. Siku hiyohiyo, kwa taarifa yako, Mheshimiwa Shibe alikata utepe wa nyumba kubwa yake ya sita.

*

Luwiko haikuwa yao tena, migomba ilikuwa ya mtu wa kahawa. Wakamzika mzee kwenye makaburi ya manispaa, nyuma ya ghala la saruji. Getruda alikwamishwa mpakani, hakuwahi. Walikuja majirani, washoni wenzake, na wale wanaume watatu wanne waliomwona Bi Skola kwenye foleni, ambao hawakumsahau.

Bwana Fulgensi pia alikuja, amevaa nyeusi. Alileta shada la maua lenye utepe ulioandikwa *Mlipa Kodi Mwema*.

Jeneza likashushwa. Wachimba kaburi wakasimama kando na makoleo yao, wakingoja. Katekista Kosmasi akafungua kitabu. Alikuwa mzee mwema, na maneno yake yalikuwa yale ambayo kila mmoja wetu atasemewa.

"Tusilie kama wasio na matumaini," akasema. "Ndugu yetu Dionisi amehama tu. Ameziacha nyumba za udongo, na leo anaingia kwenye nyumba yake ya milele."

Nyuma ya waombolezaji mkono ukainuka.

"Samahani, katekista. Umesema nyumba gani?"

Watu wakageuka. Bwana Fulgensi alikuwa ameshafungua mkoba.

"Ya milele," katekista akajibu, amechanganyikiwa.

"Hiyo haikutangazwa." Akasogea mbele, akipita kwa adabu, samahani ndugu, samahani mama. "Pole sana, Bi Skola. Mimi mwenyewe sikupata usingizi. Lakini nyumba ya mjini iko kwa jina la marehemu. Kwa ushahidi wa katekista, na mbele ya mashahidi wote hawa, marehemu analala hapa kuanzia leo, tena moja kwa moja. Hapa ndipo nyumba yake kubwa ilipo. Ile ya mjini tulishaitoza ikiwa imekaa kimya, lakini sasa imekuwa nyumba ndogo ya marehemu, na leo inahama kutoka kwake kuja kwako, huku ikiwa imepanda bei. Utailipia, mama. Usipoilipia ndani ya mwezi, itabidi uhame."

Mwanamke mmoja alianza kulia upya, akanyamaza mwenyewe. Bi Skola alisimama ukingoni mwa shimo, udongo mwekundu umemrukia kwenye ndara. Mume alikuwa amekwenda, Luwiko ilikuwa imekwenda, na sasa mtu huyu alikuwa amekuja kufuata paa. Alitegemea machozi yaje. Yalikuwa yamekauka. Kilichompanda kilikuwa kingine, kichungu kama nyongo.

"Bwana mkaguzi."

"Naam, mama."

"Ulipokwenda kwangu mjini, uliingia ndani?"

"Niliingia."

"Ukajilaza kitandani?"

"Nilijilaza, mama. Ndiyo kanuni."

"Na hospitali, ulijilaza kwenye mkeka wangu, na kunguni wake."

"Kanuni, mama. Mkaguzi asipoingia na kujilaza..."

Hapo akalitazama shimo.

"Malizia, mwanangu," Bi Skola akasema taratibu. "Asipoingia na kujilaza, inakuwaje?"

"Ukaguzi ni batili," Bwana Fulgensi akasema.

"Basi hii ndiyo nyumba kubwa ya mume wangu." Bi Skola akarudi nyuma hatua moja, akampisha kwa mkono, kama mwenyeji anavyompisha mgeni mlangoni. "Karibu. Hatujaifunga bado. Ingia, ujilaze, ujiridhishe."

Katekista akafunga kitabu. Wale wanaume wa foleni wakavua kofia zao. Wachimba kaburi wakatazamana, wakashika makoleo vizuri, wakasogea kumwachia nafasi, na mmoja wao, kwa adabu zote, akanyoosha mkono kumpokea mkoba.